Kuhama chuo kikuu Iringa kwenda Mbeya: krediti za stashahada nazo zinahesabiwa?

Kalenga_01:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ufafanuzi. Binti kamaliza mwaka wa kwanza wa shahada ya uhasibu Iringa, semista zote mbili, ila ana sapu moja (mtihani wa marudio) hajaifanya. Kabla ya hapo alisoma stashahada ya uhasibu, NTA ngazi ya 6 (ngazi za tuzo za elimu ya ufundi), akapata GPA, yaani wastani wa alama, 3.4. Familia imehamia Uyole na anataka kumalizia Mbeya. Krediti za mwaka wa kwanza zinahama zote? Na zile za stashahada zinaweza kumpunguzia kozi?

Mdau_Iyunga:
Nianze na stashahada, maana hapo wengi hupotea. Kwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), mwenye stashahada anaingia shahada akiwa na GPA isiyopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, kuanzia D. Akishadahiliwa, kazi ya stashahada imeishia hapo. Moduli zake zilipimwa kwa ngazi ya 6, na shahada iko juu ya hapo. Kozi ya Kanuni za Uhasibu ya stashahada na ile ya shahada zinafanana jina tu, kina chake si kimoja. Asiitegemee.

Mtaji wake ni mwaka wa kwanza wa shahada. Krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kuanzia kipindi cha darasani hadi kujisomea usiku. Mwaka mmoja ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360. Lakini chuo kinachompokea hakihesabu mwaka, kinahesabu kozi mojamoja. Mwalimu wa idara anaweka silabasi mbili mezani na kulinganisha mada kwa mada.

Chukua Takwimu za Biashara. Tuseme Iringa ilikuwa krediti 8, yaani saa 80, na Mbeya ni krediti 12, saa 120. Kuna saa 40 ambazo hazipo. Idara inaweza kuikataa hata kama binti ana A, kwa sababu mwaka wa pili kuna kozi inayosimama juu ya mada hizo hizo. Na kozi ya krediti 12 aliyopata C inaweza kupita vizuri tu mahali panapohitajika 10. Ndiyo maana nasema silabasi ina nguvu kuliko alama.

Gangilonga:
Naongezea upande wa makaratasi. Kwanza amalize hiyo sapu. Transkripti yenye tokeo linalosubiriwa hurudishwa, na faili zima hulala mpaka semista inaanza. Kisha achukue:
- transkripti ya semista zote mbili, yenye sahihi na muhuri wa ofisi ya msajili;
- silabasi ya kila kozi aliyofaulu, ikionyesha msimbo, krediti, mada na namna ya upimaji, na mkuu wa idara agonge muhuri;
- barua ya chuo kwamba hana pingamizi, hadaiwi ada, hana kesi ya nidhamu wala hajadisko (hajaondolewa kwa kufeli);
- vyeti vya kidato cha nne na stashahada, pamoja na AVN, namba ya uhakiki wa stashahada inayotolewa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi.

Silabasi ndizo zinazosahaulika kuliko vyote. Mtu anafika Mbeya na transkripti tupu, anaambiwa arudi Iringa, zaidi ya kilomita 300 kupitia Makambako, kufuata karatasi ambazo angezipata kwa asubuhi moja. Akague pia majina: herufi moja ikipishana kati ya cheti cha kidato cha nne na transkripti, aandae kiapo mapema.

Tafadhali sana, asiandike barua ya kuacha chuo kabla ya kupokea barua ya Mbeya inayotaja kozi zilizokubaliwa, moja baada ya nyingine. Neno la mdomo la ofisi ya udahili halitoshi.

Kalenga_01:
Asanteni sana. Wakikubali kozi nane kati ya kumi, anaingia mwaka gani?

Mdau_Iyunga:
Mara nyingi wa pili, huku akifidia hizo mbili pamoja na walio mwaka wa kwanza. Shida iko kwenye ratiba: vipindi vikigongana, kozi ya kufidia inasogea hadi mwaka wa tatu na kumchelewesha. Aombe ratiba za miaka yote miwili kabla ya kukubali nafasi. Aulize pia kwa maandishi kama alama za zamani zitaingia kwenye GPA ya mwisho au ni krediti tu zinazohama.

Gangilonga:
Na kama ana mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu), aende kwa afisa mikopo wa vyuo vyote viwili kabla hajahama. Akirudishwa mwaka wa kwanza, ajue mapema ada ya mwaka huo wa ziada italipwa na nani.

Mwana_Rungwe:
Samahani kuingilia, na mwenye stashahada ya GPA 2.7?

Mdau_Iyunga:
Shahada moja kwa moja hapana, dada. Njia yako ni Programu ya Msingi ya Chuo Kikuu Huria: wanapokea stashahada kuanzia GPA 2.0, ila huko ufikishe GPA 3.0 kwa masomo sita ya msingi na usishuke chini ya C kwenye masomo matatu ya fani yako. Vituo vyao vipo Mbeya na Iringa.