Kipimo cha Widal cha taifodi: kipigwe marufuku au kiendelee?

mleta_mada
Wakuu habari zenu, hili naomba tulijadili bila matusi. Hapa Bongo ukiingia zahanati na homa, malaria ikitoka hasi unajua kabisa kinachofuata, utaambiwa una taifodi na UTI, siku hizi zinakuja pamoja kama mapacha. Mimi msimamo wangu ni kwamba hiki kipimo kinachotoa hayo majibu ya taifodi, yani Widal, kiondolewe zahanati zote.

Angalieni kinavyofanywa. Mtu wa maabara anakutoa damu, anatenga yale majimaji ya juu, anadondosha kwenye kigae cheupe, anaongeza tone la bluu (hiyo ndo O, ya ganda la bakteria wa taifodi) na pembeni tone jekundu (hiyo H, ya vimkia vyake), anachezesha kigae kama dakika moja hivi, akiona vipunjepunje anaandika "O 1:160, H 1:80" (namba ya pili ikiwa kubwa ndo kingamwili nyingi, yani wale askari wa mwili) na wewe unatoka na sipro, dawa ya kuua bakteria. Sasa pale hakuna bakteria hata mmoja wa kwako aliyeonekana! Waliopo kwenye hilo tone la rangi ni bakteria waliouliwa kiwandani, kinachoangaliwa ni kama kingamwili zako zitawashika. Na kingamwili hizo unaweza kuwa nazo kwa sababu uliugua miaka ya nyuma, au ulichanjwa, au umepata salmonela wengine, bakteria ambao ni ndugu wa yule wa taifodi na wanafanana vipande, hata malaria inaweza kukichanganya. Kipimo chenyewe ni cha 1896, cha Widal yule Mfaransa, na kwa utaratibu unatakiwa upimwe mara mbili, zipite siku kama saba mpaka kumi katikati, ionekane kingamwili zimepanda mara nne. Nani humu ameshawahi kuitwa arudi kupimwa tena?

Alafu kuna utafiti ulifanyika hapahapa, Dar na Ifakara, watoto 1,005 wenye homa, ukachapishwa 2014. Taifodi ilikutwa asilimia 3.7, UTI 5.9, malaria 10.5. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na mengi ni virusi tu. Sipro inavuruga kimeng'enya ambacho bakteria anatumia kupanga DNA yake, kirusi hana hicho kitu, kwahiyo umemeza bure. Tena sio bure, maana bakteria wa kwenye utumbo wako wanapigwa wale wanyonge wanabaki wale sugu, na hawa wanazaliana haraka na wanapeana jeni za usugu wao kwa wao, hata kwa bakteria wa aina nyingine. Kule Sindh, Pakistan, tangu 2016 kuna taifodi isiyosikia sipro wala seftriaksoni, ile ya sindano. Sisi tunangoja nini?

mtu_wa_maabara
Mkuu umeongea vizuri ila umeishia njiani. Ukishafuta Widal, unaweka nini? Kuotesha damu, yani kuiweka kwenye chakula cha bakteria uone kama wataota, kunataka chupa zake maalum, damu ya mtu mzima mililita 8 mpaka 10, inkubeta (kabati la joto), umeme usiokatika na mtu aliyesomea, na majibu ni siku kadhaa. Na hata huko kuotesha kunakamata kama wagonjwa sita tu kati ya kumi, na kama alishameza amoksilini ya dukani kabla ya kuja ndo kabisa, mara nyingi hakioti kitu. Mimi nimekaa zahanati ya huko ndani, hadubini moja, sola ikigoma tunafunga. Taifodi sio ya kuchezea, mgonjwa akicheleweshwa utumbo unatoboka, na huyo nimemuona kwa macho. Ukifuta kipimo, daktari atakisia tu na sipro ataandika vilevile. Na tusiwasingizie watu wa maabara peke yao, mgonjwa ukimwambia hatujaona kitu anaona kaibiwa hela yake, anaenda zahanati ya pili mpaka akutwe nayo.

mama_wawili
Mnabishana vya kitaalamu wenzangu lakini mtoto ana homa usiku mzima, nimekopa nauli, nafika naambiwa ni virusi kampe panado na maji. Akizidiwa saa nane usiku narudi na nani? Ndo maana tunataka tuandikiwe kitu.

pwani_boy
Naona wote mnazunguka mbuyu. Taifodi haina mnyama anayeifuga, inatoka chooni kwa binadamu inaingia mdomoni kwa binadamu. Malawi mwaka 2023 walianza kuchanja watoto nchi nzima. Wekeni maji safi na chanjo, hiyo Widal itakufa yenyewe.

mleta_mada
pwani_boy maji na chanjo naunga mkono, ila wakati tunasubiri bomba watu wanaendelea kuandikiwa sipro kila siku.

Mtu wa maabara, hilo la daktari kukisia ndo linalonifanya nizidi kushikilia msimamo. Daktari akikisia anajua kwamba anakisia, atakuuliza homa ina siku ngapi, tumbo likoje, atakwambia rudi kesho kutwa tuone. Akishashika karatasi ya O 1:160 maswali yameisha. Hata kama ilikuwa dengue, kama ilikuwa nimonia, inaandikwa taifodi, na mgonjwa karatasi anaitunza, mwezi ujao akipata homa anaenda nayo moja kwa moja duka la dawa. Bora kipimo kisiwepo kuliko kuwa na kinachomziba daktari macho. Na homa ikikaa siku kadhaa bila sababu kujulikana, huyo apelekwe hospitali wanakootesha damu, kabla hajameza chochote.

Mama wawili, dada yangu, hapo nakuelewa kabisa, kukurudisha na panado bila maelezo sio huduma. Ulitakiwa uambiwe wazi: akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea haamki vizuri, akipumua kwa shida, usingoje kukuche. Hayo ni maelezo ya dakika mbili na hayana bei, labda ndo maana hayatolewi.

Sasa wenye zahanati najua mpo humu mnasoma kimyakimya. Semeni ukweli: ikitangazwa kesho kwamba Widal basi, maabara zenu zitaendelea kulipa pango au mnafunga?