Hedhi imekoma, miguu nayo imegoma?

mama_wawili: Jamani nina miaka 56, hedhi ilikata miaka 4 sasa, siku hizi kuinuka kwenye kochi mpaka nijisukume na mikono, ngazi ndo usiseme. Kutembea natembea kila siku lakini wapi, ni uzee tu au?

bibi_machachari: Pole shoga. Uzee upo ila estrojeni, ile homoni ya kike, ikishuka misuli nayo inapungua, na kutembea peke yake hakutoshi. Mi nilianza na kiti, mikono kifuani, nasimama alafu nakaa POLEPOLE, usijibwage, hapo kwenye kushuka ndo kazi yenyewe. Siku ya kwanza nilifika 4 nikabaki najicheka, saa hizi napiga 12 mara 3, siku 2 au 3 kwa wiki.

fizio_mstaafu: Kweli kabisa, ila kiti kiegemee ukuta kisije kikateleza. Ukiona imekuwa rahisi shika kitu kizito kidogo, na protini usisahau. Ila kama ni mguu mmoja tu umelegea ghafla au una ganzi, hiyo wahi hospitali.

mama_wawili: Nimejaribu sasa hivi, 5 tu mapaja yanatetemeka 😅