"Lala mapema, lala mapema": ushauri wenu ulinimaliza miezi minane

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na leo sipunguzi makali. Miezi minane usingizi uliniruka, na kila niliyemwambia, kuanzia kazini hadi ukweni, jibu lilikuwa moja: "Lala mapema." Kwani mlidhani nakesha kwa kupenda?

Nikatii. Saa tatu usiku niko kitandani, taa nimezima, simu nimeiacha sebuleni. Saa nne, macho makavu. Saa sita nasikiliza bomba la bafuni likidondosha tone moja moja. Usiku ulio mbaya zaidi, saa tisa nageuza mto upande wa baridi na kuanza kupiga hesabu: nikisinzia sasa hivi nitapata masaa matatu. Haya, sasa hivi basi, mawili na nusu. Pembeni mwenzangu anakoroma, na Mungu anisamehe kwa niliyomuwazia. Usingizi ukija ni alfajiri, na kengele nayo hiyo inalia.

Nikaenda kwa daktari. Hakuuliza naingia kitandani saa ngapi wala naamka saa ngapi. Dakika mbili, vidonge, mgonjwa anayefuata! Vidonge vililaza kweli, ila asubuhi kichwa kizito kama nimepigwa rungu. Siku moja nilimimina maji kwenye kibodi ya ofisi huku natazama. Nikaviacha ghafla bila kumuuliza mtu (hilo kosa langu, msiige), na kukesha kukarudi kwa kishindo kuliko mwanzo.

Sasa kilichonipandisha hasira: tiba ipo, na si mpya. Inaitwa tiba ya kitabia ya kukosa usingizi. American College of Physicians, chama kikubwa cha madaktari Marekani, tangu 2016 kinasema mtu mzima mwenye tatizo sugu aanze na hiyo kabla ya vidonge. Sehemu yake moja ilitungwa na mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972. Elfu moja mia tisa sabini na mbili, wakuu! Mimi nimeisikia mwaka huu, tena kwa bahati.

Na inasema kinyume kabisa cha wimbo wenu. Usipande kitandani mpaka kope ziwe nzito. Kuchoka si kusinzia. Ukiona kama dakika 20 zimepita macho bado makavu, toka, na saa usiitazame. Kaa kwenye mwanga hafifu na jambo lisilo na msisimko, urudi ukianza kusinzia. Asubuhi amka saa ileile hata kama umelala kidogo, mchana usijilaze. Mimi nilikuwa natumia masaa tisa kitandani kupata matano ya usingizi. Manne yaliyobaki nilikuwa nakizoesha kitanda kuwa mahali pa kuhangaikia, na kilizoea vizuri sana.

Nikakata masaa ya kitandani. Kuingia saa sita na nusu, kuamka saa kumi na mbili na nusu. Wiki ya kwanza ni mateso, sidanganyi mtu. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi ili tu nisisinzie kwenye kochi. Wiki ya pili kichwa kikigusa mto, kwisha. Nikawa naongeza dakika 15 kila nikikaa sawa. Ila anayeendesha magari kwa kazi, au mwenye kifafa, asijaribu kujibana hivi bila mtaalamu.

Hamu ya usingizi ni kama njaa, inajengeka tangu unapoamka. Ukijilaza saa kumi jioni umeshakula kabla ya chakula. Kahawa nayo haishibishi, inazuia tu ubongo usisikie njaa, na masaa kama matano baada ya kikombe, karibu nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini. Yangu ya mwisho ilikuwa saa kumi na moja jioni. Hata hilo daktari hakuuliza.

Yule mkoromaji wangu naye, nilipoanza kukaa macho sebuleni ndipo nikasikia anakata pumzi kisha anashtuka kama anayekabwa. Huyo nimempeleka kupimwa, maana hiyo si koroma ya kawaida. Kwa daktari mwingine, bila shaka.

Jana mama mkwe kapiga simu kuuliza kama siku hizi nalala mapema. Nimemwambia ndiyo, mama.