Tupeane uzoefu: siku ya ripoti, gredi za chini

NyarKondele
Wazazi wenzangu, shule zimefungwa na binti yangu wa gredi ya pili ameleta ripoti. Hesabu ME (amefikia matarajio), Kiswahili ME, Kiingereza AE (anakaribia matarajio). Babake kaigeuza huku na huku, kisha akauliza, "Sasa amekuwa namba ngapi?" Mtoto akamjibu, "Hakuna namba, baba." Nikakumbuka mbali sana. Hebu leteni zenu, za watoto au zenu wenyewe.

Wa_Lurambi
Dada, umenitonesha kidonda. Mimi ni wa 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu, shule moja viungani mwa Kakamega. Siku ya kufunga, wazazi walikalia viti vilivyotolewa darasani, sisi tukasimama paredi juani. Namba moja hadi tatu waliitwa wakapewa sahani za plastiki. Hapo hakuna ubaya. Lakini mwalimu wetu wa darasa la pili alikuwa na desturi yake: akimaliza hao, anamwita na wa mwisho. Muhula ule, wa mwisho nilikuwa mimi. Malaria ilinilaza wiki ya mtihani, karatasi ambazo sikufanya zikaandikwa sufuri. Akanisimamisha mbele, akaniinua mkono, akaamuru shule nzima inipigie makofi. Na wakapiga! Mama alikuwa safu ya pili na gauni lake la kanisani. Aliinuka, akapita katikati ya paredi, akanishika mkono tukaondoka. Ile ripoti hatukuichukua hadi leo. Mtu akiniambia namba zirudi, ninamwangalia tu.

Otis_K
Sufuri ya malaria. Pole sana.

Fundi_Njoro
Pole ndugu, ila namba ilitusukuma. Wangu wa gredi ya tatu ana ME kila mahali, na sijui kama anaweza kusoma gazeti. Nitajuaje kama anacheza?

Mwl_Bahati
Baba, ME ni kwamba amefikia kile alichotarajiwa kujua. Hashindani na jirani. Ukitaka kujua kama anasoma, mpe kitabu asome mbele yako! Wakati wa Tusome, ule mradi wa kusoma wa madarasa ya chini, kuanzia 2015, maafisa walikuja na tableti, mtoto anasoma dakika moja, wanahesabu maneno aliyoyapata sawa. Hata wewe una saa kwenye simu. Na ile tathmini ya KNEC, baraza la mitihani, ya gredi ya tatu haimzuii mtu kuingia gredi ya nne. Kwenye matokeo ya gredi ya tisa zinazohesabiwa ni KPSEA, tathmini ya gredi ya sita, asilimia 20, tathmini za gredi ya saba na ya nane 20, na KJSEA, yaani ya gredi ya tisa yenyewe, 60.

Fundi_Njoro
Kwa hivyo hizi karatasi za manila za kazi za gredi za chini tunanunua bure.

Mwl_Bahati
Sikusema hivyo.

Bungoma_Kwetu
Nyinyi angalau mlipimwa kwa karatasi. Sisi miaka ya sabini mtihani wa kuingia darasa la kwanza ulikuwa mkono: unaupitisha juu ya kichwa, ukishika sikio la upande wa pili umepita. Mimi nina mikono mifupi. Nikarudishwa kuchunga ng'ombe, ndugu yangu mdogo akaingia shule mbele yangu. Hadi leo ananiita "form one" kwenye matanga.

Janam_Ahero
Mnalia manila? Mwaka jana mwalimu aliwaambia walete ala ya muziki kutoka nyumbani. Wenzake walitia kokoto kwenye mikebe. Wangu wa gredi ya kwanza akatungua nyatiti, ile ala yetu Wajaluo ya nyuzi, ya babu yake ukutani, akapanda nayo bodaboda. Mzee aliirithi kwa babake! Jioni ikarudi na nyuzi tano kati ya nane, na kwenye ngozi mtu ameandika jina la mtoto kwa kalamu ya wino "isipotee". Mzee hakugusa chakula. Ripoti ilipokuja, shughuli za ubunifu: EE, amezidi matarajio. Mzee akasema, "Hapo kweli amezidi."

Otis_K
😂😂 amezidi kweli

Min_Alego
Ni mvulana au msichana? Maana kwetu msichana hagusi nyatiti.

NyarKondele
Hayo ni ya zamani, mama. Siku hizi wasichana wanapiga.

Min_Alego
Wanapiga, lakini wazee uliwauliza?

Wa_Lurambi
Rudini kwenye mada jamani.

Otis_K
Ushauri wa bure: pigeni picha kazi zote za mtoto, mafaili hupotea shuleni. Na huyo wa AE, ongeeni naye Kiingereza tu nyumbani.

NyarKondele
Na dani yake, yaani bibi yake, ataongea naye nini?

Mwl_Bahati
Msimsikilize. Gredi ya kwanza hadi ya tatu lugha ya mtaa inaruhusiwa kufundishia. Kwenu ni Dholuo, hapa Nakuru mjini ni Kiswahili. Msimulie hadithi kwa lugha anayoielewa, Kiingereza kitakuja.

Min_Alego
Picha za kazi zote? Simu ikijaa utaninunulia nyingine?

Janam_Ahero
Mkiuliza nyuzi: tulinunua za kuvulia samaki pale Dunga. Mzee anasema zinalia vibaya lakini anapiga.

Fundi_Njoro
Nimerudi. Nimempa gazeti. Amesoma tangazo lote la shamba linalouzwa Rongai bila kukwama, kisha akaniuliza dalali ni nani. Mwalimu, hiyo ni ME au EE?

Mwl_Bahati
Shule ikifunguliwa mlete nimsikie mwenyewe. Na manila ulete.