Barua za mwanafunzi wa Wellesley, 1910–1914, hazina tarehe: nizipangeje?

Mpangakasha: Wadau, nina kasha la barua ambazo binti aliyesoma Wellesley College, Massachusetts, Marekani, aliwaandikia wazazi wake tangu vuli ya 1910 hadi alipohitimu 1914. Nyingi zina neno "Jumapili jioni" juu, basi. Bahasha kadhaa zimekatwa stempu, muhuri wa posta wenye tarehe ukaenda nayo. Nyingine hazina bahasha kabisa. Nizipange vipi bila kubahatisha?

Stempu za Kale: Kabla ya yote, ipe kila barua na bahasha yake namba moja, kwa penseli laini, pembeni. Kisha hakikisha kweli ni mtu na mwenzake, maana wazazi walisoma na kurudisha popote. Angalia mikunjo: karatasi iingie bila kukunjwa upya. Muhuri wa Jumatatu juu ya barua ya Jumapili si kosa.

Muhuri ukiwa umefifia, tazama stempu nyekundu ya senti 2 yenye picha ya Rais Washington, nauli ya barua ya kawaida wakati huo. Thamani iliyoandikwa kwa maneno tu ni toleo la 1908. Yenye tarakimu 2 ilianza 1912. Tarakimu inakuhakikishia barua si ya kabla ya 1912. Maneno hayathibitishi kitu, watu walibandika akiba zao.

Msoma Kalenda: Mkuu, siku za wiki zitakufaa kuliko stempu. Akitaja popote "Jumapili tarehe 8 Machi", hiyo ni 1914; ndani ya miaka minne mfululizo tarehe moja hairudii siku ileile. Pasaka nayo: 1911 ilikuwa 16 Aprili, 1912 ni 7 Aprili, 1913 ni 23 Machi (mapema ajabu), 1914 ni 12 Aprili.

Tafuta pia nguo chafu! Wanafunzi wengi walituma nguo nyumbani zikafuliwe. Posta ya vifurushi ilianza 1 Januari 1913, mwanzoni kikomo cha uzito pauni 11. Kabla ya hapo mizigo ilipita kwa makampuni ya usafirishaji. Akisema kifurushi cha nguo kimepitia posta, hiyo huenda ni 1913 au baadaye.

Na moto: College Hall, jengo kuu la chuo, iliteketea alfajiri ya 17 Machi 1914. Hakuna aliyekufa, ila wengi walipoteza nguo, vitabu na madaftari. Barua inayoomba viatu, koti na kila kitu kwa mpigo iweke baada ya hapo.

Mwandiko: Angalizo kabla hujapiga picha. Karatasi iliyokunjwa katikati ina kurasa nne, na wengi hawakufuata 1, 2, 3, 4. Waliandika 1, wakarukia 4, ndipo wakafungua 2 na 3. Soma sentensi inapokatika ujue inaendelea wapi, kisha andika mpangilio huo kwenye jina la faili. Pini zenye kutu ziondoe taratibu, usizivute. Usilamineti wala kubandika selotepu. Gundi hupenya na kuacha doa la kahawia.

Mpangakasha: Na zile zisizo na bahasha wala tukio lolote?

Mwandiko: Zipange kwa karatasi. Inua dhidi ya mwanga uone alama ya maji (chapa hafifu iliyomo ndani ya karatasi), pima upana, linganisha rangi ya wino. Karatasi zilinunuliwa kwa boksi, kwa hiyo barua za aina moja mara nyingi ni za muhula mmoja. Ikipatikana moja yenye tarehe katika kundi, zilizobaki ziandike "takriban", kwa penseli.