Boti yangu haijawahi kuonja maji chumvi. Nianzeje?

KasiaMbili
Wakuu, heshima kwenu. Nina boti ya alumini ya futi 16, mashine ya farasi 40 ya mipigo minne, na trela lake. Huu ni mwaka wa sita naivulia ziwani na sijawahi kurudi kwa kuvutwa. Sasa shemeji yangu amehamia pwani, na kila akipiga simu ni habari za kolekole na nguru tu. Mwisho wa mwezi nimepanga nipakie boti, niende na mwanangu wa miaka 13, tumchukue mjomba wake, tushushe boti alfajiri na kutoka hadi kwenye mwamba ulio maili 8 nje. Tuvue, saa kumi jioni tuwe tumerudi.

Naomba kujua nibadili nini kwenye boti, nibebe vifaa gani, na hili jedwali la maji kujaa na kupwa linasomwaje, maana nimelifungua nikaona namba tu. Semeni ukweli, sitanuna.

PwezaMkavu
Maji ya kifuu bahari ya chungu 😄 Nimekaa pale, wazee watakuja.

KasiaMbili
Ziwa letu linazamisha meli, mkuu. Usilidharau.

MzeeNgama
Hakuna anayelidharau ziwa. Ila swali lako la mwisho ndilo lilipaswa kuwa la kwanza, kwa hiyo naanza nalo.

Ziwani kazi yako ni upepo. Ukitulia, baada ya muda maji nayo yanatulia. Baharini maji yana safari yake hata kama hakuna upepo wa kuzima kiberiti. Sehemu nyingi yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na kidogo: kutoka kujaa hadi kujaa ni kama saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana kila siku saa zinasogea mbele karibu dakika 50, na jedwali la juzi halikufai leo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapanda sana na kushuka sana, na mkondo unakuwa mkali. Katikati ya hapo ni maji mafu. Mgeni aanze na maji mafu.

Halafu hayashuki kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote mafungu 12. Saa ya kwanza inaondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3, katika zile saa mbili za katikati peke yake mita moja na nusu imeshaondoka. Unanyanyua kichwa kutoka kwenye mshipi, fungu la mchanga ulilopita juu yake asubuhi limekaa wazi na ndege wanatembea juu yake.

Sasa rudi kwenye mpango wako. Umesema saa kumi jioni mmerudi. Saa kumi hiyo maji yatakuwa wapi? Hukusema, maana umepanga kwa saa ya mkononi. Ikiwa maji yamekupwa, kwanza trela lako huenda lisifike majini, mteremko wa kushushia unaishia kwenye tope. Hilo ni dogo, utakaa usubiri. Kubwa ni mlangoni.

Mahali mto au hori linapotokea baharini mara nyingi pana mchanga uliojikusanya, kina ni kidogo. Maji yakiwa yanapwa yanatoka nje kwa kasi, mawimbi ya bahari yanaingia ndani, vinakutana hapo. Wimbi lililokuwa limelala linasimama wima, linafupika, linavunjika. Mlango uliopita asubuhi ukipiga mluzi unaweza usipitike saa tano baadaye, na upepo ni uleule. Tena wakati wa kurudi ndio mbaya zaidi, kwa sababu ukiwa nje unaona migongo ya mawimbi tu. Yanapovunjika huoni. Unaona kumetulia, unaingia, wimbi linakunyanyua tezi (nyuma ya boti), omo (mbele) inachimba, boti inageuka ubavu. Imekwisha hapo.

Panga kutoka na kurudi maji yakiwa yanamalizia kujaa au yamesimama. Ukilazimika kuingia na mawimbi nyuma yako, kaa mgongoni mwa wimbi moja, ulifuate, usilipite na usiliache likuache. Na kabla ya yote nenda pwani bila boti. Simama juu ya mlango maji yanapopwa, nusu saa, angalia tu. Utajifunza kuliko kwangu.

FundiMashine
Mzee kamaliza ya maji, mimi naongea chuma.

Funua mashine yako chini, karibu na propela, utaona kipande cha madini cha kuliwa badala ya mashine. Waliotumia ziwani wengi wamefungiwa cha magnesiamu, kinafaa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kwenye maji chumvi kinaisha upesi mno, na kikiisha chumvi inahamia kwenye mashine yenyewe. Weka cha zinki au cha alumini. Usikipake rangi, kikipakwa rangi hakifanyi kazi (nimeona watu wanapaka ili kipendeze).

Boti ni ya alumini, kwa hiyo shaba ni adui wa nyumba. Rangi za chini zenye shaba hapana. Kipande cha waya wa shaba au sarafu ikidondoka ngamani (chini kabisa ndani ya boti) na maji chumvi yakikaa hapo, itakutobolea sakafu kimyakimya.

Ukirudi, mashine ioshwe kwa maji baridi siku hiyohiyo. Si kesho. Iache ingurume taratibu dakika 10 hadi 15, ipate moto kidhibiti joto kifunguke, ili maji yafike kwenye njia zote za ndani. Ukiosha dakika mbili umeosha nje tu. Usiiwashe hata sekunde kumi bila maji, impela (pangaboi la pampu ya maji) inaungua. Halafu iache imesimama wima ichuruzike.

Trela ndilo wengi wanalisahau. Umetoka mbali, beringi zina moto, unaliingiza kwenye maji: hewa iliyomo ndani inapoa ghafla, inasinyaa, inavuta chumvi ndani. Mimi yalinikuta. Gurudumu lilichomoka njiani usiku nikirudi, boti ikiwa juu, na tochi haina betri. Ukifika, subiri zipoe kabisa, kunywa chai yako. Grisi iwe mpya. Chomoa waya wa taa kabla ya kuliingiza majini.

Upepo_wa_Nyuma
Mnamtisha mwenzenu bure. Mimi mara ya kwanza nilitoka maili 10 na boti ndogo kuliko hiyo, nikarudi na ndoo mbili za samaki. Bahari inataka moyo.

MzeeNgama
Waliotoka na moyo wasirudi hawaandiki humu, ndugu yangu.

Upepo_wa_Nyuma
😂 Hapo umenipata mzee. Basi niseme kweli, ile siku ilikuwa shwari kama kioo. Bahati ilikuwa yangu.

BiChelezo
Mdogo wangu KasiaMbili, mimi jicho langu liko kwa huyo mtoto wa miaka 13.

Jaketi la uokoaji avae tangu mnaposhusha boti, na wewe uvae pia. Kuyaweka chini ya kiti hakusaidii, boti ikipinduka hakuna atakayepata nafasi ya kufunga kamba. Kamba ya kuzimia mashine iwe mguuni au mkononi mwa anayeshika usukani. Na mfundishe mtoto afanye nini wewe ukianguka: azime mashine, akutupie kamba, asikuruke kukufuata. Mfundishe kuita kwenye redio pia. Simu ya mkononi ibebeni kwenye mfuko usioingia maji, lakini msiitegemee. Chukua redio ya VHF, chaneli 16 ndiyo ya dharura na ya kuitana duniani kote. Ni "Mayday" mara tatu, jina la boti, mlipo, kilichotokea, mko wangapi. Mwache asome kwa sauti nyumbani hadi aache kucheka.

Acheni mtu nchi kavu anayejua mnaelekea wapi na saa ngapi aanze kuhangaika. Saa yenyewe, siyo "jioni jioni". Boti ikijaa maji au ikipinduka, shikeni boti. Ufuo unaonekana karibu kuliko ulivyo, na boti iliyopinduka inaonekana kirahisi kuliko vichwa vitatu.

Kuhusu kulewa na bahari: hata wewe wa ziwani unaweza kulewa, maana wimbi la bahari ni refu, mwili haujalizoea. Dawa inamezwa kabla ya kutoka, ukishaanza kutapika umechelewa. Ya mtoto muulize mfamasia kipimo chake. Akae nyuma karibu na katikati, atazame upeo wa macho, asiinamie ndoana.

KasiaMbili
Asanteni sana. Mzee, hilo la saa kumi limenikaa. Nimefungua jedwali tena: siku niliyopanga ni siku mbili baada ya mwezi mpevu, na saa kumi jioni maji yanapwa kwa nguvu. Yaani nilichagua kila kibaya kwa mpigo mmoja. Nasogeza wiki moja.

Utabiri nao nausomaje? Wameandika mawimbi mita 1. Boti yangu inaweza mita 1? Na nanga yangu ni ya kilo 5 na kamba mita 30, ziwani inatosha.

MzeeNgama
Hiyo mita 1 siyo wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa theluthi moja tu ya mawimbi yote, ile ya makubwa zaidi. Ukikaa huko siku nzima tegemea mmoja au wawili wa karibu mita 2 waje kukusalimu. Angalia pia sekunde kati ya wimbi na wimbi. Mita 1 kila sekunde 10 ni bembea. Mita 1 kila sekunde 4 ni ngumi. Na ukiona vichwa vyeupe vimeanza kuenea, upepo umeshafika noti (maili za baharini kwa saa) kumi au zaidi. Boti ya futi 16 na mtoto ndani, kwa mara ya kwanza, hiyo ni ishara ya kugeuza.

Nanga ifungwe omo. Narudia, omo. Boti iliyotiwa nanga tezi inapokea mawimbi upande ulio chini na mzito wa mashine, inajaa maji kwa dakika. Toa kamba mara tano hadi saba ya kina, na mita kadhaa za mnyororo mbele ya nanga ili ivutwe ikiwa imelala. Kwa hesabu hiyo kamba yako inakutosha kwenye kina cha mita 4 hadi 6. Pale kwenye mwamba wa maili 8 sidhani ni mita 6.

Mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Kurudi dhidi ya mawimbi mashine inakunywa tofauti na ulivyozoea.

PwezaMkavu
Mbona hakuna anayeongelea samaki?

MshipiWaTatu
Mimi naongea, kifupi. Vifaa vya ziwani vitavua, ila ndoana zako zitaota kutu kesho yake, kwa hiyo nunua za maji chumvi na suuza rili kwa maji baridi. Nguru ana meno kama wembe, anakata mshipi: tanguliza waya mfupi. Samaki akijivimbisha kama mpira huyo ni bunju, ana sumu, mrudishe. Usimshike kwa mkono mtupu samaki usiyemjua. Na waulize wenye mamlaka ya uvuvi wa hapo kuhusu leseni na vipimo kabla, siyo baada. Maili 8 za nini? Siku ya kwanza samaki wapo palepale mlangoni ndani, maji yanapojaa wanaingia kula.

KasiaMbili
Wakuu, mrejesho.

Tulifika siku moja kabla. Nilimchukua kijana tukasimama juu ya mlango maji yakipwa, kama mzee alivyosema. Upepo haukuwepo kabisa. Katikati ya mlango kulikuwa na mstari mweupe, unapotea, unarudi, na ngurumo inasikika hadi tulipo. Kijana akaniuliza, "Baba, kesho tunapita hapo?" Nikamwambia hapana kabla sijafikiri.

Kesho yake ni maji mafu. Tulishusha boti saa mbili na nusu kabla ya kujaa. Nilisubiri beringi zipoe, shemeji akanuna kwa kusubirishwa. Hatukutoka nje. Tulivua ndani, tukaelea na mkondo kando ya mchanga. Changu wadogo wengi tuliwarudisha, kolekole mmoja wa kilo mbili hivi, wa kijana. Mkondo ulinishangaza: nazima mashine, nafunga ndoana, nikiinua macho ule mti wa alama uko nyuma yangu mita mia mbili. Maji yaliposimama nikasogea hadi mlangoni, nikapita, nikakaa nje dakika kumi na tano bila kutupa mshipi, nikarudi ndani kabla hayajageuka. Shemeji alitapika. Kijana hakutapika, na amenikumbusha mara nne.

Kosa moja: kizibo cha kutolea maji nilikisahau kwenye gari. Tuligundua tukiwa bado kwenye mteremko, miguu imelowa. Mlinisahaulisha na mambo makubwa.

FundiMashine
Kizibo kifunge kwenye ufunguo wa mashine, bila kizibo huwashi. Umeshaosha?

KasiaMbili
Ndiyo naifungulia maji hapa, dakika ya saba.

FundiMashine
Bado nane.