Ushauri: kiwanja Muyuni au ukingoni mwa bonde la Cheju?

bint_makunduchi
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina miaka tisa Dar, sasa nataka kurudi Unguja na mama yangu. Nimeonyeshwa sehemu mbili. Moja Muyuni, bei nafuu, kichaka na mawe yamechomoza kila pahala. Nyengine ukingoni mwa bonde la Cheju, udongo mweusi, nyasi kijani hata sasa ambapo kwengine kumekauka. Nataka nyumba ya vyumba vitatu, choo, kisima, na mama apate pa kupanda migomba na tungule. Moyo wangu uko Cheju kwa ule weusi wa udongo. Mwenyewe anataka arubuni Ijumaa. Nisaidieni, hii ndiyo akiba yangu yote.

fundi_mawe
Waalaykum salaam dada. Arubuni usitoe bado. Udongo huo yaelekea ni kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi. Chukua donge, lirowanishe, lisokote viganjani liwe kamba nene kama kidole cha mwisho, kisha likunje kama bangili. Likikatika, mna mchanga wa kutosha. Likikaa bila ufa, ni kinamo chenyewe, nacho huvimba masika na kunywea kiangazi. Ukuta hauwezi kufuata mchezo huo. Nimeitwa mara nyingi kuziba nyufa zinazoanzia pembe ya dirisha zikapanda mshazari mpaka kwenye lenta. Unaziba, mwaka wa pili zimerudi pale pale. Kujenga kunawezekana, ila msingi unashuka chini zaidi, na nondo na zege zinaongezeka. Gharama hiyo ihesabu pamoja na bei ya kiwanja.

Muyuni ni uwanda, jiwe la matumbawe. Msingi unakaa juu ya mwamba. Ninachokiogopa pale ni uwazi wa chini. Nyanyua mtaimbo, uuachie uanguke, sikiliza. Jiwe zima hutoa sauti kavu. Penye pango huvuma kama mtungi mtupu. Pita kila chumba kitakapokaa.

bi_mkulima
Mwanangu, mie nimelima uwandani na nimelima Dole kwenye kinongo, ule udongo mwekundu wenye kina. Uwandani udongo umo vishimoni baina ya mawe, mwekundu, na rutuba unayo, ila ni mchache. Humo tungule, pilipili, matikiti na mapapai hukubali vizuri. Migomba itakutesa: mizizi ikigonga jiwe mgomba unadumaa, na kiangazi majani yanajikunja. Na jiwe lile ni chokaa, kwa hiyo ukiona jani limegeuka manjano na mishipa yake imebaki kijani, usikimbilie kumwagilia. Tia mboji na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Watu wa utafiti wa kilimo wako Kizimbani, nenda na udongo wako ukawaulize.

jirani_bondeni
Dada, nilinunua bondeni Agosti, nikashangilia majani mabichi kama wewe. Aprili maji yalikaa mlangoni siku kumi na moja, choo kikafurika, wanangu nikawapeleka kwa bibi yao. Wenyeji walijua, mimi sikuwauliza, nilimsikiliza dalali tu. Ubichi wa kiangazi maana yake maji yako karibu chini. Tazama kuta za majirani, mstari wa maji ya masika hubaki.

mzee_wa_shehia
Kabla ya udongo, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa ule. Ardhi ya Zanzibar yote iko chini ya Serikali, unachopewa ni haki ya kuitumia, na mnazi uliosimama pale unaweza kuwa wa mtu mwengine kabisa. Ikiwa ni eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, zina masharti yake. Uliza mbele ya mashahidi.

bint_makunduchi
Nimetoka huko jana, Allah awalipe. Cheju bangili haikukatika. Nilichimba shimo la dhiraa moja, nikalijaza maji jioni. Asubuhi maji yalikuwa bado yamo, na kinamo kimeganda kwenye jembe kama unga uliokandwa. Muyuni mtaimbo uligonga jiwe kwa shibiri moja tu. Kote jiwe lilitoa sauti kavu isipokuwa pembe ya kusini, nilipokuwa nimepanga jiko. Pale pamevuma, nikaogopa. Mzee mmoja wa pale amenionyesha vishimo kumi na tatu vyenye udongo, mama akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko akacheka. Arubuni ya Cheju sikutoa. Mama anasema migomba atanunua sokoni. Sasa nielezeni choo na kisima.

fundi_mawe
Nyumba isogeze kaskazini. Choo cha shimo tupu usichimbe uwandani: uchafu unapita kwenye nyufa za jiwe haraka, udongo wa kuuchuja haupo, unaingia kisimani kwako na kwa jirani. Jenga karo la zege lililofungwa chini na pembeni, la kunyonywa likijaa, na kisima kikae mbali nalo upande wa juu. Kisima nacho usikipeleke chini sana wala usikivute kwa pampu kubwa kutwa. Maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi, ukiyamaliza yale, chumvi inapanda. Onja maji ya visima vya jirani, asubuhi na jioni, kabla hujamlipa mtu.